Nyuma ya utabiri wa hali ya hewa: Jinsi kazi za kisayansi zinavyopanga foleni kwenye kompyuta kuu

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa Mei 2024, wakazi wa mwambao wa Tanzania walikaa mkao wa tahadhari wakifuatilia mwenendo wa Kimbunga Hidaya, kilichokuwa kikisogea kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na wananchi wakatakiwa kufuatilia taarifa zilizokuwa zikitolewa mara kwa mara.

Wengi waliozisikia taarifa hizo redioni hawakuwa na sababu ya kujiuliza zilikotoka. Ukweli ni kwamba ramani za mvua na upepo zinazooneshwa kwenye televisheni ni matunda ya mabilioni ya hesabu, zinazofanywa na mashine zilizopangwa safu kwa safu kwenye vyumba vyenye ubaridi na mngurumo wa mapangaboi usiokoma.

Hesabu hizo zina sharti moja lisilokwepeka, nalo ni kumalizika kabla tukio halijatokea. Utabiri wa mvua ya kesho unaokamilika keshokutwa hauna tofauti na mwavuli ulionunuliwa na mtu aliyekwishalowa.

Makala haya yanaeleza mashine hizo ni zipi, kazi ya kisayansi inapokelewaje humo, nani hutangulia na nani husubiri, na ni makosa gani yanayoweza kuteketeza jasho la miezi mingi kwa saa chache.

Hesabu iliyochelewa

Wazo la kutabiri hali ya hewa kwa hesabu ni la zamani kuliko kompyuta. Mwanasayansi wa Uingereza, Lewis Fry Richardson, aliyehudumu kama dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alijaribu kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya hewa ya saa sita ya Mei 20, 1910.

Jibu lake lilikosea vibaya. Hesabu ilionesha mgandamizo wa hewa ukipanda kwa milibari 145 katika saa hizo, wakati siku yenyewe haukuwa umebadilika kwa kiasi cha kutajwa. Hata hivyo, hakuficha kosa lake. Alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1922, na humo akabuni picha ya ukumbi mkubwa wenye watu 64,000, kila mmoja akikokotoa hali ya hewa ya kipande chake cha dunia na kumpasha habari jirani yake, huku msimamizi akiwaongoza wote waende kwa mwendo mmoja.

Mwaka 1950, kundi la wanasayansi akiwamo Jule Charney lilitumia kompyuta ya ENIAC nchini Marekani kufanya utabiri wa kwanza wa mashine. Utabiri wa saa 24 ulichukua takriban saa 24 kukamilika. Kompyuta ilikuwa ikienda sambamba na hali ya hewa yenyewe, bila kuitangulia hata hatua moja.

Ukumbi wa Richardson haukujengwa kamwe, lakini mpangilio wake ndio hasa unaotumika leo. Badala ya watu 64,000, zipo kompyuta nyingi zilizounganishwa, kila moja ikishika kipande chake cha kazi.

Klasta ni nini

Klasta ni kundi la kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi kubwa na kufanya kazi kama mashine moja. Kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Ndani ya nodi mna prosesa, na ndani ya prosesa mna viini vingi vya kukokotolea. Kila nodi ina kumbukumbu yake, ingawa zote huchangia hifadhi moja kubwa ya mafaili.

Zamani kompyuta kuu ilikuwa chombo kimoja cha pekee, kilichoundwa kwa gharama ambazo ni serikali na mashirika makubwa tu yaliyoweza kuzimudu. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za aina ya 486 na kuziendesha kwa mfumo wa Linux. Walikiita chombo chao Beowulf.

Jaribio hilo lilibadili mambo. Chuo chochote chenye kompyuta za mezani, nyaya na mtaalamu mvumilivu kiliweza kujitengenezea mashine ya kisayansi. Leo, hata kompyuta zinazoongoza duniani kwa kasi ni klasta.

Kasi yenyewe imekua kwa namna inayotisha. Mwaka 2008, mashine ya Roadrunner ya maabara ya Los Alamos ilikuwa ya kwanza kuvuka hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde. Mwaka 2022, mashine ya Frontier iliyoko Oak Ridge, Tennessee, ilivuka kiwango kilicho mara 1,000 ya hicho. Novemba 2024 ilipitwa na El Capitan ya maabara ya Lawrence Livermore, California.

Mlangoni hapafanyiwi kazi

Mtafiti haendi kukaa mbele ya klasta. Akiwa Morogoro, Nairobi au Kampala, huingia kupitia mtandao kwa jina lake na ufunguo wa siri, na kufika kwenye kompyuta inayoitwa nodi ya kuingilia.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea kwa mara ya kwanza. Nodi ya kuingilia ni mapokezi. Watu kadhaa huitumia kwa wakati mmoja kuandika mafaili, kuhamisha takwimu na kuangalia matokeo. Mtu akianzisha hesabu nzito hapo huwa sawa na mgonjwa anayetaka kupasuliwa kwenye meza ya mapokezi ya hospitali. Huduma huzorota kwa wote, na msimamizi hulazimika kuikatisha kazi yake.

Njia sahihi ni kuandika faili dogo la maagizo, ambalo wenyewe huliita skripti ya kazi. Sehemu ya juu ya faili hilo hutaja mahitaji, yaani idadi ya nodi, idadi ya viini, ukubwa wa kumbukumbu na muda wa juu ambao kazi itachukua. Sehemu ya chini hutaja programu ya kuendeshwa, mahali pa kusoma takwimu na mahali pa kuandika matokeo.

Mfano, mtafiti anayetumia WRF, programu ya utabiri iliyotengenezwa Marekani na kuanza kutolewa kwa watumiaji mwaka 2000, anaweza kuomba nodi nne zenye viini 32 kila moja kwa muda wa saa tatu. WRF hutolewa bure, na ni miongoni mwa programu zinazotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Faili likishakamilika, mtafiti hulikabidhi kwa amri moja fupi, hupewa namba ya kazi, na anaweza kuzima kompyuta yake akaenda zake. Kazi itaendelea bila yeye.

Nani hutangulia

Anayeipokea kazi hiyo si binadamu. Ni programu inayoitwa mpangaji wa kazi. Inayotumika sana leo ni Slurm, iliyoanza kutengenezwa Lawrence Livermore mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyingine ni PBS, ambayo asili yake ni mahitaji ya NASA ya miaka ya 1990. Katika Slurm, kazi hukabidhiwa kwa amri ya sbatch, foleni huangaliwa kwa squeue, na kazi isiyohitajika tena huondolewa kwa scancel.

Mpangaji hatendi kwa kanuni ya aliyetangulia kufika pekee. Kama ingekuwa hivyo, mtu mmoja angewasilisha kazi 1,000 usiku wa manane na kuwaacha wenzake wakisubiri wiki nzima. Ili kuzuia hilo, vituo vingi huweka kanuni ya mgawanyo wa haki. Kadiri kundi fulani linavyokuwa limetumia mashine kwa wingi siku za karibuni, ndivyo kazi zake mpya zinavyoshushwa kwenye foleni. Aliyekaa muda mrefu bila kutumia hupandishwa.

Ipo pia kanuni ya kujaza mapengo, ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni ataielewa haraka. Lori kubwa likisubiri nafasi yake, pikipiki na bajaji hupenyezwa kwenye nafasi ndogo zilizobaki, mradi zisicheleweshe chombo kuondoka.

Mpangaji hufanya vivyo hivyo. Kazi kubwa inayohitaji nodi 100 ikisubiri nyingine zimalizike, nodi zilizokwisha kuwa huru hazikai bure. Hupewa kazi ndogo ambazo muda wake uliotajwa unaonesha zitamalizika kabla zamu ya ile kubwa haijafika.

Hapa ndipo umuhimu wa kutaja muda kwa uaminifu unapoonekana. Anayehitaji saa mbili lakini akaandika saa 48 kwa kujihami hujinyima nafasi ya kupenyezwa, na huweza kusubiri siku nzima kwa kazi ambayo ingekuwa imekwisha. Kwa upande mwingine, anayeandika saa moja kwa kazi ya saa mbili hukatishwa muda wake unapofika, hata kama zilibaki dakika tano. Mpangaji hana huruma wala hapokei maelezo.

Watumiaji wenye uzoefu hufanya jaribio dogo kwanza, hupima muda, kisha huongeza akiba ya wastani.

Wingi usio na manufaa

Dhana nyingine inayopotosha ni kuamini kwamba kuongeza mashine mara mbili kutapunguza muda kwa nusu. Mwaka 1967, Gene Amdahl alionesha kuwa sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka mpaka.

Ikiwa asilimia tano ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua na kiini kimoja, basi hata viini vingi kiasi gani havitaharakisha kazi hiyo zaidi ya mara 20. Kwa viini 64, kasi huongezeka mara 15 tu. Vilivyobaki hula umeme na kuzuia nafasi ya wengine.

Aidha, nodi hulazimika kuzungumza. Katika utabiri, ramani hukatwa vipande na kila kiini kikapewa chake, lakini upepo hauheshimu mipaka hiyo. Kila hatua, jirani humpa jirani habari za ukingoni mwake, kwa utaratibu wa kupashana ujumbe uitwao MPI ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1994. Vipande vikiwa vidogo mno, mashine hutumia muda mwingi kupashana habari kuliko kukokotoa.

Hata hivyo, hamu ya kuona kwa undani zaidi haikomi, na gharama yake ni kubwa. Utabiri uliogawa ramani kwa miraba ya kilomita tisa hauwezi kuona vizuri wingu moja la radi. Ukishuka hadi kilomita tatu, miraba huongezeka mara tisa. Wakati huohuo, hatua za muda lazima ziwe fupi mara tatu, la sivyo hesabu huvurugika. Kazi yote huongezeka mara 27.

Kwa maneno mengine, utabiri uliokuwa ukichukua dakika 20 utachukua saa tisa kwa mashine zilezile. Vituo vya hali ya hewa vinapoomba fedha za klasta kubwa zaidi, hoja huwa ni hiyo.

Pale mambo yanapoharibika

Mashine nyingi maana yake ni hitilafu nyingi. Tuseme nodi moja huharibika mara moja tu katika miaka mitano, rekodi ambayo si mbaya. Klasta yenye nodi 1,000 za aina hiyo itapata hitilafu takriban kila baada ya siku mbili. Kazi inayochukua wiki nzima kwenye nodi zote haitaweza kufika mwisho bila kukatizwa.

Dawa yake ni programu kuhifadhi kwenye diski hali iliyofikiwa kila baada ya muda fulani, tuseme kila saa. Nodi ikizimika, kazi huanza tena pale ilipoishia badala ya kurudi mwanzo. Asiyefanya hivyo huweza kupoteza siku sita kwa sababu ya kifaa kimoja kilichoungua siku ya saba.

Hifadhi nayo ina mitego yake. Eneo la kazi lenye kasi kubwa halikukusudiwa kutunza vitu kwa muda mrefu, na vituo vingi hufuta mafaili yaliyokaa humo bila kuguswa kwa kipindi kilichotangazwa. Anayeligeuza kabati la kudumu huja kulia baadaye.

Funzo kubwa zaidi lilitokea Japani. Kati ya Desemba 14 na 16, 2021, mfumo wa hifadhi wa kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ulipoteza takriban terabaiti 77 za takwimu, sawa na mafaili yapatayo milioni 34 ya makundi 14 ya watafiti. Chanzo kilikuwa programu ndogo ya kufuta kumbukumbu za zamani, ambayo ilibadilishwa na kampuni iliyouza mfumo huo wakati toleo lake la awali likiwa bado linafanya kazi. Badala ya kufuta mafaili yaliyopitwa na wakati, ilifuta ya watafiti. Kazi za makundi manne kati ya hayo hazikuweza kurejeshwa.

Usalama ni jambo lingine. Mei 2020, dunia ikiwa katikati ya janga la UVIKO-19, vituo kadhaa vya kompyuta kuu barani Ulaya, ikiwamo mashine ya ARCHER ya Edinburgh, vililazimika kufunga milango baada ya kuvamiwa kwa kutumia utambulisho ulioibwa kwa watumiaji halali. Watumiaji wa ARCHER walitakiwa kubadili maneno ya siri na funguo zao zote. Kwa maana hiyo, uzembe wa mtu mmoja anayegawa ufunguo wake unaweza kuwasimamisha maelfu.

Afrika katika foleni

Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2016, kituo cha taifa cha CHPC mjini Cape Town kilizindua mashine iliyoitwa Lengau, neno la Kisetswana lenye maana ya duma. Mashine hiyo ilikuwa na zaidi ya nodi 1,000, na kasi yake ilifikia hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde, yaani kiwango kilekile kilichoitoa jasho Marekani miaka minane kabla.

Mashine zilizostaafu nazo zimepata maisha mapya. Ranger, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Texas iliyofanya kazi kuanzia mwaka 2008 hadi 2013, ilivunjwa na sehemu ya makabati yake kusafirishwa Afrika Kusini, kwa lengo la kujenga klasta ndogo za mafunzo katika vyuo vya huko, Botswana na Tanzania.

Jijini Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina klasta inayoendeshwa kwa Slurm, ambayo wanasayansi huitumia kusoma vinasaba vya mifugo, mazao na vimelea. Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia, DIT, ilipata mashine ya familia ya Param kupitia ushirikiano na kituo cha C-DAC cha India.

Kununua mashine, hata hivyo, ni mwanzo tu wa gharama. Frontier hutumia umeme wa takriban megawati 20, kiasi cha kutosha mji mzima. Klasta ndogo ya chuo hutumia sehemu ndogo sana ya hapo, lakini nayo huhitaji umeme usiokatika, ubaridi mchana na usiku, vipuri, na zaidi ya yote, mtaalamu anayelipwa vizuri kiasi cha kutohama. Mashine isiyo na mtu wa kuitunza hugeuka kabati la chuma lenye vumbi.

Saa tisa usiku

Vituo vikubwa vya dunia huanzisha utabiri wao kwa saa zilizopangwa, na vingi hufanya hivyo mara nne kwa siku. Duru ya kwanza hutumia vipimo vya saa sita usiku kwa saa za kimataifa, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Matokeo ya duru hizo hutumiwa na vituo vya nchi kama mlango wa kuingilia hesabu zao za karibu zaidi.

Katika vituo vya aina hiyo, haki ya foleni ina ubaguzi mmoja unaokubaliwa na wote. Utabiri wa siku hupewa nafasi yake kabla ya kitu kingine chochote. Mtafiti anayeandika tasnifu, mwanafunzi anayejaribu nadharia mpya, hata bingwa mwenye jina kubwa, wote hukaa pembeni hadi kazi hiyo ipite.

Hakuna anayelalamika. Ifikapo alfajiri, nahodha wa boti na mvuvi wa Mafia huwa wanasubiri jibu moja tu, iwapo wang'oe nanga au wabaki bandarini, na jibu hilo huwafaa iwapo tu limewafikia kabla hawajaondoka.